Diploma ya kumbukumbu za afya, digrii ya UDOM au asome kompyuta tu?

mwana_ngamiani: Wakubwa habari zenu. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six PCM (fizikia, kemia na hesabu) hapa Tanga, anataka kazi za teknolojia ya taarifa za afya. Tumeona njia tatu: diploma ya kumbukumbu za afya, digrii ya mifumo ya taarifa za afya pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), au kompyuta sayansi ya kawaida halafu hospitali aingie baadae. Mzee anataka hiyo ya mwisho, anasema ukikosa hospitali unaenda benki. Mlioko kazini mnasemaje?

bi_takwimu: Mi niko takwimu hospitali ya wilaya, ngoja niseme kazi ilivyo maana wengi wanadhani ni kubonyeza kompyuta tu. Kuna vitabu vya MTUHA, yaani rejista za serikali za kuandikia huduma za wagonjwa, namba 5 wagonjwa wa nje, namba 12 leba na vingine vingi, manesi na madaktari wanajaza wakiwa na foleni mlangoni, mwisho wa mwezi vinajumlishwa ndo vinaingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Sasa unakuta mgonjwa wa marudio kaandikwa mpya, au jumla ya kitabu na jumla ya ripoti haziongei, na wewe ndo unatakiwa ulione hilo kabla halijapanda juu, kwa sababu dawa na chanjo za watu zinapangwa kwa namba hizohizo. Jicho hilo diploma inalijenga sana: faili, namba za ICD za kutambulisha magonjwa, siri ya mgonjwa. Kompyuta sayansi hawafundishi hayo.

fundi_wa_mifumo: Dada hapo juu kasema kweli ila nami nitetee upande wangu. Ukitaka KUTENGENEZA mfumo na sio kuujaza, lazima ujue programu na hifadhidata vizuri. DHIS2 inaendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, msimbo wake wa programu uko wazi mtu yeyote anausoma, na UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) pia wapo watu wanaifanyia kazi. Anayejua lugha za programu za Java na JavaScript ana pa kuanzia. Kinachotutesa sisi wa kompyuta ni wodini, unaunda fomu nzuri kumbe nesi hana muda wa kujaza hata robo yake.

mpwani_bagamoyo: Msisahau utafiti jamani. Huku Bagamoyo kuna Taasisi ya Afya Ifakara, majaribio ya chanjo za malaria yamefanyika hapa, na majaribio hayaendi bila watu wa kusimamia data. Huko ukijua takwimu na R, programu ya kuchambua data, unathaminiwa mno.

mwana_ngamiani: Asanteni sana. Yeye anapenda kuandika programu, na hospitali hazimtishi, mama yetu nesi.

bi_takwimu: Basi mi namwelekeza UDOM, anapata vyote viwili na ana PCM yake asiipoteze. Aangalie vigezo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, sio wa kuambiwa. Akikosa nafasi ndo aende diploma kupitia vyuo vya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi), digrii atajiendeleza.

fundi_wa_mifumo: Naunga mkono. Na asome mapema Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, majibu ya HIV ya mtu sio kitu cha kutumiana WhatsApp.

bi_takwimu: Hilo nalo. Field (mafunzo kwa vitendo) aombe hospitali ya Bombo hapo Tanga, na aombe akae masjala kwanza, chumba cha seva baadae.