Wasichana wanahama uhandisi kabla ya mwaka wa pili: tuanze na lipi?

Mratibu_Mitambo
Wadau, habari za kazi. Wasichana wanaingia kwetu na alama nzuri, lakini muhula wa tatu ukianza, wengine wameshahamia fani nyingine. Fedha ni chache. Kipi kitangulie?

Penseli_HB
Michoro. Wengi hukwama pale kwa sababu hawajazoea kuzungusha umbo akilini, na uwezo huo hufundishika. Tumia jaribio la kuzungusha maumbo la Purdue, chuo kikuu cha Marekani: maswali 30, dakika 20, wiki ya kwanza, kwa darasa zima. Sheryl Sorby, mwalimu wa uhandisi, alianza kozi ya kufundisha uwezo huo Michigan Tech, chuo kikuu kingine cha Marekani, mwaka 1993, akilenga waliopata 60% kushuka chini, na wanawake walioisoma walibaki kwenye uhandisi zaidi ya wenzao wa alama hizo wasioisoma.

Wachore kwa mkono, vitalu vya kuunganisha vikiwa mezani: mwonekano wa mbele, wa juu, wa ubavuni, kisha kuzungusha, kisha kukata umbo. Kompyuta isitangulie, maana programu itazungusha umbo kwa niaba ya mwanafunzi. Tena isiwe kozi ya wasichana pekee. Ikionekana ni ya wanyonge, wanaoihitaji ndio watakaoikwepa.

Karakana_2
Mratibu, makundi ya maabara mnayapangaje?

Mratibu_Mitambo
Wasichana 9 kati ya 60, makundi ya wanne wanne. Tumewatawanya, mmoja kila kundi.

Karakana_2
Hapo ndipo panapovuja. Msichana akiwa peke yake hugeuzwa mwandishi wa ripoti, wenzake wakishika vifaa. Mwaka unaisha hajagusa mashine. Pangeni makundi matatu yenye wasichana wawili wawili na moja lenye watatu. Makundi 11 yatabaki ya wavulana watupu, na si kosa. Kisha zungusheni majukumu kila zoezi: anayeunganisha saketi, anayepima, anayekokotoa, anayeandika. Jina na jukumu viandikwe juu ya ripoti, na msimamizi akague mezani, asingoje karatasi.

Dada_Mlezi
Ongezeni walezi wa kike, yaani wanafunzi wa miaka ya juu wa kuwashauri wanaoanza. Utafiti wa Dennehy na Dasgupta, uliotoka 2017, ulifuatilia wanawake 150 wanaosoma uhandisi: waliopewa mlezi wa kike wote walimaliza mwaka wa kwanza wakiwa bado uhandisini; wenye mlezi wa kiume 82%, wasio na mlezi 89%. Mikutano michache tu iliyopangwa inatosha. Ila walipeni hao walezi, au wapunguzieni kazi nyingine: mkiwabebesha bure, mtawachosha wasichana walewale mnaotaka wabaki.

Mratibu_Mitambo
Asanteni sana. Makundi nayapanga upya wiki hii, jaribio litaanza na wanaoingia muhula ujao. Dada, mlezi mmoja abebe wanafunzi wangapi?

Dada_Mlezi
Wawili, wasizidi watatu.