Ubao wa nyuzi za mgomba na plastiki inayooza: je, unafaa kwa dari?

Seremala wa Tukuyu
Ndugu wanajukwaa, huku Rungwe mgomba ukishatoa mkungu huangushwa na kuachwa shambani, ilhali nyuzi zake ni imara. Nimesoma kwamba zinaweza kuchanganywa na PLA, plastiki inayotokana na sukari ya mahindi au miwa, kisha mchanganyiko ukashindiliwa kwa joto hadi ukawa ubao. Nakusudia kutengeneza mbao za dari. Nianzie wapi, na je, zitadumu chini ya bati?

Fundi mitambo, Iyunga
Ndugu Seremala, anza na unyevu. PLA huyeyuka kwenye sentigredi 170 hivi, na nyuzi za mimea huanza kuharibika zikikaribia 200, kwa hiyo nafasi uliyo nayo ni finyu. Maji yakibaki ndani ya nyuzi, mvuke wake huacha mapovu, na kibaya zaidi maji hayo huikatakata minyororo ya molekuli inayoiunda plastiki ikiwa imeyeyuka, ubao ukatoka dhaifu. Kwa mvua za Tukuyu jua halitoshi. Tumia kikaushio, ukipima uzito mara kwa mara mpaka usipungue tena. Punje za plastiki nazo zikaushwe. Kabla ya hapo, kuziloweka nyuzi katika maji yenye kostiki soda kidogo na kuzisuuza vizuri huondoa nta, plastiki ikashika. Vaa glavu na miwani.

Mpasua mbao, Mafinga
Kuhusu dari, nakushauri uache. PLA huanza kulegea kwenye sentigredi 60 hivi, na joto la bati lililopigwa na jua la mchana huweza kuikaribisha huko. Ubao uliolala mlalo utapinda taratibu kwa uzito wake wenyewe. Tengeneza migongo ya makabati au kuta za ndani. Tena, ubao unapopindwa, mzigo mkubwa hubebwa na nyuso zake mbili, kwa hiyo weka nyuzi ndefu za mgomba juu na chini, na katikati ujaze unga wa msumeno, ambao huku kwetu ni mwingi.

Mkulima, Kiwira
Naomba msichukue migomba yote, kwa maana ikioza huirudishia ardhi potasiamu ambayo ndizi huihitaji sana. Na wateja waelezwe wazi kwamba PLA haiozi upesi ikifukiwa shambani, bali huhitaji lundo la mboji lenye unyevu na joto la karibu sentigredi 60.