Ushauri: tupendekeze nini kuhusu uteuzi wa wajumbe wa chombo huru cha malalamiko dhidi ya polisi?

Bi Katibu wa Temeke

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri, na naomba utani tuuweke kando kwenye uzi huu.

Mimi ni katibu wa chama cha waendesha bodaboda huku Temeke. Shirika moja la haki limetualika kwenye kikao cha wadau. Kila kundi linatakiwa kueleza: ikiwa nchi yetu itaunda chombo huru cha kuchunguza malalamiko dhidi ya polisi, wajumbe wake wapatikane vipi? Tumepewa dakika chache tu za kuzungumza.

Kwetu jambo hili lina majina na sura. Mwanachama wetu mmoja alipigwa akiwa mahabusu. Alipotaka kulalamika akaelekezwa kituo kilekile, atoe maelezo kwa askari anayekaa meza moja na yule anayemlalamikia. Akaacha. Mama yake bado ananipigia simu kuuliza faili limefika wapi, na hakuna faili lolote.

Ndani ya chama tumegawanyika. Wapo wanaosema Rais ateue moja kwa moja. Wapo wasiotaka kumwona polisi mstaafu hata mlangoni. Vijana wao wanataka sheria itaje kiti cha bodaboda. Nahofia tutamaliza dakika zetu tukigombea viti. Tung'ang'anie nini?

Wakili wa Upanga

Dada Katibu, anzia kwenye kile tulichonacho. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imo kwenye Ibara ya 129 ya Katiba, ipo tangu 2001, na hupokea malalamiko dhidi ya polisi. Makamishna wake huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi ambayo ndani yake wamo Majaji Wakuu na Maspika wa pande zote mbili za Muungano. Muda wao ni miaka mitatu, na wanaweza kuteuliwa tena mara moja.

Hapo kwenye "kuteuliwa tena" ndipo ningeweka nguvu. Mchunguzi ambaye mwakani anasubiri barua ya kuongezewa muda, unamtaka aandike ripoti kali dhidi ya wakubwa? Wengine wataandika, lakini tusijenge chombo kwa kutegemea ushujaa wa mtu. Muda uwe mrefu kidogo, uwe mmoja, basi.

Halafu kumbukeni Iringa, Septemba 2012, alipouawa mwandishi wa habari Daudi Mwangosi mikononi mwa polisi. Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye polisi wapo chini yake, aliunda kamati yake. Tume ya Haki za Binadamu nayo ikachunguza kivyake, ikasema waziwazi kwamba polisi walikiuka haki za binadamu na misingi ya utawala bora. Ndiyo maana swali la nani anamteua mchunguzi lina uzito.

Kijana wa Buza

Wakili, hayo ni mazuri, ila sisi ndio tunaosimamishwa barabarani kila siku. Bila mtu wetu pale ndani, watajaa maprofesa ambao hawajawahi kulala mahabusu. Kiti chetu ni lazima.

Mpwani Mgeni

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi hapa Dar. Kwetu tuna IPOA, chombo huru cha kuchunguza malalamiko dhidi ya polisi, chini ya sheria ya mwaka 2011, na bodi ya kwanza ilianza kazi 2012. Chanzo ni ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na ripoti ya Tume ya Waki iliyozichunguza. Nafasi hutangazwa, jopo la uteuzi linapokea maombi, majina ya walioteuliwa kuhojiwa huchapishwa, na mwananchi mwenye pingamizi analileta kwa maandishi. Kisha majina yaende kwa Rais, Bunge liidhinishe. Wajumbe wanatumikia miaka sita, hakuna kurudia.

Lakini nisiwadanganye. Uteuzi mzuri haujatutosha. Bajeti ni finyu, wachunguzi ni wachache, na polisi wakikataa kutoa ushahidi kesi zinakaa miaka. Hata hivyo lile pingamizi la mwananchi msiliache. Mtu akijua historia yake itasomwa hadharani, anafikiri mara mbili kabla ya kuomba.

Afande Mstaafu

Nimelitumikia Jeshi mpaka kustaafu, kwa hiyo nisikilizeni bila hasira. Raia msomi akifika kituoni ataonyeshwa kitabu cha matukio kilichoandikwa vizuri, ataondoka ameridhika. Mimi nitauliza kitabu cha mahabusu kiko wapi, zamu ilikuwa ya nani, na kwa nini mwandiko umebadilika saa nane usiku. Mkitufukuza wote mtapoteza macho.

Ila nakubali jambo moja. Kwenye meza ya maamuzi, sisi tusikae. Urafiki wa depo, kule tulikofunzwa uaskari pamoja, haufi. Uingereza wana chombo cha malalamiko dhidi ya polisi kiitwacho IOPC, na sheria yao inakataza mkuu wake kuwa mtu aliyewahi kuwa polisi, lakini miongoni mwa wachunguzi wake wamo waliokuwa polisi. Hivyo ndivyo ningependa na hapa.

Mama Mbagala

Ahsante Afande kwa kusema ukweli. Mimi naongeza: wajumbe wanawake wasiwe wa kupambia picha. Kuna mambo ya mahabusu ambayo binti hatamsimulia mwanaume, hata awe jaji.

Wakili wa Upanga

Kabla sijasahau, na hili ni kubwa kuliko yote: nani anaweza kumtoa mjumbe? Afrika Kusini, mwaka 2015, Waziri wa Polisi alimsimamisha kazi Robert McBride, mkuu wa chombo kinachowachunguza polisi. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasema sheria iliyompa waziri mamlaka hayo inakwenda kinyume na katiba. Alikuwa ameteuliwa vizuri tu, ila kisu kilibaki mkononi mwa waziri.

Pia polisi wetu ni wa Muungano, kwa hiyo jopo lisisahau Zanzibar.

Bi Katibu wa Temeke

Nimewasikia. Nitasema haya: majina yatangazwe na wananchi waruhusiwe kupinga, mahojiano yawe ya wazi, muda uwe mmoja, waziri mwenye polisi asiteue wala kufukuza, na polisi wastaafu wawe wachunguzi tu. Mdogo wangu wa Buza, kiti sitakiomba. Tukipata kiti bodaboda, kesho machinga na mama lishe nao watadai, na wana haki. Nitaomba sheria itake mjumbe aliyewahi kufanya kazi na watu walioko mahabusu. Umeridhika?

Kijana wa Buza

Sijaridhika sana dada, ila nakuunga mkono. Nitakuja kikaoni.

Afande Mstaafu

Yaandike kwenye karatasi, uende na nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea, yenye tarehe.