Jiji kubwa lenye ajira au jiji dogo lenye bei nafuu: tununue wapi?

Tofali: Wakuu, naomba ulinganisho. Jiji A lina ajira nyingi, lakini nyumba ya vyumba vitatu inauzwa sawa na kodi yake ya miezi 300. Jiji B, nyumba ya aina hiyo ni kodi ya miezi 180. Kazi iko A, mkataba umebaki miaka miwili. Sehemu ya fedha ipo, iliyobaki ni mkopo wa benki.

Futikamba: Gawanya kwa 12 upate bei ni kodi ya miaka mingapi: A ni 25, B ni 15. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ikifika 15 au chini yake kununua kunalipa, ikizidi 20 ni nafuu kupanga. Ila usitumie bei ya kwenye tangazo, tafuta bei ambayo watu wamelipa kweli miezi ya karibuni. Na hiyo kodi iwe ya mtaa uleule na ukubwa uleule, la sivyo hesabu yote haina maana.

Kenchi: Naongezea matengenezo. Wengi hutenga asilimia 1 ya bei kila mwaka, na hapo ndipo ulinganisho wa miji unapoharibika. Bei ya A imebeba zaidi thamani ya kiwanja, na kiwanja hakivuji. Paa, mabomba na nyaya hazitofautiani sana gharama kati ya jiji na jiji. Kwa hiyo asilimia 1 ya bei ndogo ya B haitoshi, tenga 1.5.

Mwambao: Basi anunue B apangishe, yeye aendelee kupanga A.

Futikamba: Mwambao, tupige hesabu kwanza. Kodi ya miezi 12. Toa mwezi 1 nyumba ikiwa tupu, 1.1 ya msimamizi anayechukua asilimia 10, 2.7 ya matengenezo kwa kiwango cha Kenchi, na tuseme 0.7 ya bima na kodi ya majengo. Inabaki kodi ya miezi 6.5 kwa mwaka, yaani asilimia 3.6 ya bei ya miezi 180. Riba ya benki ikizidi hapo, sehemu iliyokopwa inakula mfukoni kila mwezi. Mpango huo unafaa kwa mwenye fedha taslimu nyingi.

Mwambao: Nimekuelewa. Lakini akihamia mwenyewe B, ile 15 inabaki nzuri.

Kenchi: Inabaki, akikaa miaka mitano na kuendelea. Ada za uhamisho, wakili na dalali hulipwa mara moja, na ukiuza mapema hazirudi. Aangalie pia kama B inategemea mwajiri mmoja mkubwa. Akifunga, wapangaji na wanunuzi huondoka pamoja.

Nyundo: Kabla ya malipo yoyote, fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi: jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama, hifadhi ya barabara. Kisha nenda kwenye nyumba yenyewe msimu wa mvua. Rangi mpya chini ya ukuta tu, kama mita moja kutoka sakafuni, mara nyingi inaficha unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Kwangua kidogo uone kama kuna chumvi nyeupe. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kuzidi milimita 5 ni wa fundi mhandisi, lipu haiutibu.

Tofali: Asanteni. Napanga A hadi mkataba uishe, na upekuzi wa B naanza sasa.

Nyundo: Anza, ila urudie wiki ya kulipa. Rehani inaweza kusajiliwa katikati.