Mwanangu anamwekea dagaa mwenye kwato kule kwenye mikoko, nifanyeje?

MamaRaskazone: Wakuu, nipo Tanga. Mwanangu wa darasa la tatu namsomeaga usiku kitabu cha Kenneth Grahame, The Wind in the Willows, cha 1908 huko, namtafsiria tukienda. Fuko, Panya, Chura tajiri mwenye wazimu wa magari, tunacheka weee. Kufika sura ya saba ndo balaa, mtoto wa fisi maji kapotea, Fuko na Panya wanamtafuta na mtumbwi usiku kucha, alfajiri wanasikia filimbi kisiwani, wanamkuta kiumbe ana pembe na kwato, katoto kamelala miguuni pake. Sasa mwanangu kila alfajiri anataka tushuke kwenye mikoko na kisahani cha dagaa.

MdigoMtata: Pembe NA kwato?? Bibi yangu kule Mkinga akikutana na mwanamke mzuri usiku anaangalia miguu kwanza, mengine baadaye 😂

AbuuT: Si umsomee Nabii Sulaiman na sisimizi. Wanyama unataka wangapi?

KobeMzee: Huyo ni Pan, mungu wa wachungaji wa Wagiriki wa kale. Pale wale wawili wanatetemeka ila hawataki kuondoka, halafu anawasahaulisha walichokiona wasije wakaishi wanakitamani. Hiyo ndo sura tamu kuliko zote, msomee tena taratibu.

MamaRaskazone: Nishaikata na wembe jana. Msinirukie, hata huko kwao kuna matoleo wanairuka.

KobeMzee: Umekata kitabu?! Cha nani?

MamaRaskazone: Cha shule. Karatasi ninazo, nitabandika.

Chumbageni_1: Chai hii, sukari imezidi. Mpiga filimbi na dagaa wapi na wapi? Angeweka tende ningeelewa.

MamaRaskazone: Dagaa za paka wake. Kapotea wiki ya pili sasa.

Chumbageni_1: Kapotea, au?

AbuuT: Dada mbona kimya

MamaRaskazone: Haya. Nilimpa muuza samaki aende naye Pangani, mtoto ana pumu usiku halali, yule paka analala naye shuka moja. Nikamwambia katoroka. Sasa kashika kwamba mwenye kwato anamlinda na atamrudisha, kila siku ananiuliza leo tutasikia filimbi? Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Chumbageni_1: Bado chai ila nakunywa.

MdigoMtata: Paka rangi gani? Nina shangazi pale kivukoni.