Amenipokonya maiki mbele ya watu eti "unanipunguzia upako". Misheni na huyu mtu BASI!

Wakuu, naandika begi sijalifungua. Tumeshuka leo alfajiri kutoka misheni ya nje, wiki 2 za kujitolea, nauli nimejilipia, likizo yangu ya mwaka mzima imeishia huko. Na kwenye pochi nina kisponji cha maiki. Cheusi, kimelowa jasho langu na mate yake.

Mtu mwenyewe mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule akipewa dakika 5 za salamu, watoto wanaota ndevu kabla hajafika "kwa hayo machache". Ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Mimi nilikwenda kama mkalimani, maana kwenye timu nzima lugha ya kule naijua mimi tu.

Jioni ya mwisho, mkutano, watu wamejaa. Aliyewahi kufasiri jukwaani anajua: mhubiri anasema sentensi moja au mbili, anakuachia. Huyu akafunguka kama bomba lililopasuka. Babu yake, shamba la babu, mbwa wa shamba la babu, mvua ya mwaka ule. Nimeshika maiki nahesabu kichwani: babu, shamba, mbwa, mvua. Ananigeukia: "Waambie." Nimefika kwa mbwa tu, akanipokonya maiki. AKANIPOKONYA! Alivuta mpaka kisponji kikabaki vidoleni mwangu, na maiki ikiwa wazi akasema: "Dada kaa chini, unanipunguzia upako."

Mimi nampunguzia upako! Mimi niliyemtetea uwanja wa ndege! Alichanjwa homa ya manjano siku 3 kabla ya safari, wakati cheti hakihesabiki mpaka siku 10 zipite. Tumezuiliwa wote kwa ajili yake, nani aliwabembeleza wale maofisa mpaka wakalainika? Mdomo huu huu aliounyang'anya maiki!

Akahubiri peke yake dakika 40 kwa lugha ambayo pale hakuna aliyeielewa. Kuna bibi mmoja mstari wa mbele alikuwa ananitazama mimi, kiganja nyuma ya sikio, anangoja nimwambie mbwa alifanya nini. Hapo ndipo panaponiuma. Wale watu walitembea kwa miguu kuja kusikia. 1 Wakorintho 14:28 inasema pasipo mfasiri mtu anyamaze. Yeye mfasiri alikuwepo, akamkalisha chini!

Alivuta maiki, wakuu. Kisponji hiki hapa mezani.

Mchangiaji 1: Pole dada. Nimeshamjua. Kwetu tulipokwenda kujenga darasa alishika mwiko, akapigwa picha, akaurudisha. Picha zilizidi tofali.

Mchangiaji 2: Nimesoma uzi mpaka mwisho. Mbwa alifanya nini?

Mchangiaji 3: Mleta uzi, 14:28 ni habari ya kunena kwa lugha, anzia mstari wa 27. Halafu nyie wakalimani mnazidi. Mtu kasema maneno matatu, mnafasiri robo saa.

Mleta uzi: Basi soma na mstari wa 9, mtakuwa mkinena hewani! Na sikuongeza hata neno moja, kwenye mvua kwenyewe sikufika!

Mchangiaji 4: Rudisha kisponji cha watu. Wenyeji wanakitafuta.

Mchangiaji 5: Afadhali wewe ulishika maiki. Mimi nesi mzima nilipewa brashi nipake rangi ukuta uliopakwa na timu iliyotutangulia. Rangi yao bado inanata! Wagonjwa wamepanga foleni nje, mimi niko juu ya ngazi.

Mchangiaji 3: Ukuta huo na sisi tumeupaka.

Mchangiaji 6: Samahani, hiyo kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, si inaisha baada ya miaka 10? Yangu ya 2014 na nasafiri mwezi ujao.

Mchangiaji 7: Haiishi. Tangu Julai 2016 ni ya maisha, hata zile za zamani.

Mchangiaji 8: Mbona mimi dirishani waliikataa?

Mchangiaji 7: Walikosea. Chapisha maelezo ya Shirika la Afya Duniani, uende nayo mkononi.

Mleta uzi: Jamani, mtu amevuta MAIKI!

Mchangiaji 6: Pole dada. Na vidonge vya kuzuia malaria, ni kweli unaendelea wiki 4 baada ya kurudi?

Mchangiaji 5: Doksisaiklini ndiyo, wiki 4. Kuna vingine siku 7 tu. Muulize daktari wako kabla hujaondoka.

Mchangiaji 6: Vinamezwa kabla ya kula au baada?

Mchangiaji 5: Na chakula, maji mengi, na usilale hapo hapo. Vinachoma koo.

Mchangiaji 2: Ila mbwa jamani.