Watoto wapelekwe Haller Park Jumapili

Halati Zuhura: Asalaam aleikum jamani, shule zimefungwa na watoto wananisumbua wanataka kuona wanyama. Tsavo mbali na gari hatuna, niwapeleke wapi?

Salim: Waleikum salaam halati. Haller Park hapo Bamburi Mombasa tu, matatu ya Mtwapa inawashusha barabarani mnaingia

Mama Nasra: Si zoo ile? Mie mnyama kufungiwa roho yangu haitaki kabisa

Salim: La mamdogo, wengine kama mamba na nyoka wamefungiwa na hao lazima. Twiga, pofu na kuro wanatembea msituni, na wale makobe wakubwa wa visiwa vya Aldabra mnapishana nao njiani wanakula majani wala hawana habari na wewe

Mjomba Athman: Hapo mie napakumbuka, kiwanda cha simiti kilichimba mawe kikaacha mashimo matupu, jua likipiga macho yauma, nyasi hamna

Salim: Enhe mjomba! 1971 René Haller, yule mtaalamu wa kiwanda, akaanza kujaribu miti, aina 26, zikashika 3 tu, na mvinje ndo ukatamba maana chumvi hauijali. Sasa majani yake yakidondoka hayaozi, yanajirundika tu, mpaka wakaletwa majongoo wa miguu myekundu wakayala na kinyesi chao ndo kikawa udongo. Halati waonyeshe watoto majongoo kabla ya twiga wallahi, bila wao hapana msitu pale

Nasra: Na Owen je??

Halati Zuhura: Owen ndo nani?

Nasra: Kiboko halati! Mdogo, 2004 baada ya tsunami alikwama baharini huko Malindi peke yake, watu na KWS, wale wa wanyamapori, wakamtoa kwa nyavu, alipoletwa Haller akamng'ang'ania kobe anaitwa Mzee kama mamake, wakawa wanalala pamoja wanaogelea pamoja 😭

Halati Zuhura: Subhanallah

Salim: Na twiga mnamlisha mkononi, ulimi mweusi mreefu una mate unazoa chakula chote kiganjani. Tumbili lakini msiwape kitu, maandazi yafungeni vizuri. Wakubwa mje na vitambulisho, wenyeji bei yao tofauti na wageni

Mama Nasra: Basi twaja. Mjomba nawe uje uwaonyeshe watoto mashimo yalikuwa wapi

Mjomba Athman: Inshallah, lakini mapema, saa tatu getini jua halijakaza

Halati Zuhura: Saa tatu basi, maandazi juu yangu 🙏